Upande wa Pili wa Sinia

Wifi yangu Tunu anapika vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, na nasema hivyo ingawa mimi mwenyewe sikulelewa jikoni ovyo. Naandika habari zake kwa sababu mjini zimesimuliwa sana na watu ambao hawajawahi kufika kwake, na kila aliyesimulia ameongeza chumvi yake. Nimemsomea yote yaliyomo humu. Amekubali, isipokuwa mahali pamoja ambapo anasema nimemsifu mno. Hapo nimepaacha kama palivyo.

Alizaliwa Gongoni, katika nyumba ya baba yake, Mzee Nasri, fundi cherehani aliyewashonea kanzu wanaume wengi wa Tabora. Nyumba ile ilikuwa na uwani mpana, na chakula cha mchana kilipakuliwa katika masinia, la wanaume likaenda barazani na la wanawake likabaki uwani. Mimi niliingia pale kama mke wa kaka yake, marehemu Sabiri, Mungu amrehemu. Jambo la kwanza nililofundishwa na mama mkwe halikuwa kupika, bali kula. Mkono hauvuki. Unakula kilicho mbele yako. Kipande cha nyama kikiwa upande wa mwenzio ni chake, mpaka yeye mwenyewe akusogezee. Na sinia halizungushwi hata siku moja, maana anayezungusha sinia anaitamani riziki ya mwenziwe. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na nilidhani najua adabu, lakini nilikumbushwa mara nyingi kwa kiwiko cha Tunu, aliyewekwa kukaa kando yangu aniongoze.

Yeye aliolewa Igalula, na Fikiri, mfanyabiashara wa mpunga na asali. Nyumba yao ilikuwa karibu na stesheni, na waliokuwa wakingoja treni, kama walimfahamu Fikiri au walimfahamu mtu anayemfahamu Fikiri, walikula kwake. Tunu alipika kwa kukadiria watu asiowajua, akizoea kwamba chungu hakirudi na kitu. Hawakujaliwa mtoto. Fikiri alipofariki alirudi Gongoni, akawauguza wazazi wake mpaka wakaondoka, mmoja baada ya mwingine. Kisha akaondoka mume wangu.

Warithi walikaa na kukubaliana kwamba nyumba ya Gongoni, iliyo kando ya barabara ya maduka, ipangishwe kwa muuza vifaa vya ujenzi. Mimi nilikuwa na nyumba yangu Ng'ambo. Tunu alipewa nyumba ndogo ambayo Sabiri alikuwa ameijenga Itetemia. Ulikuwa uamuzi wa haki, na aliupokea bila neno. Katika nyumba ya baba yake alichukua kitu kimoja tu, sinia la shaba la mama yao, kubwa kiasi kwamba halikupita vizuri katika mlango wake mpya. Walilazimika kulisimamisha wima.

Itetemia kule anakokaa, nyumba zina kuta na mageti. Majirani zake ni waajiriwa. Wanaondoka asubuhi na kurudi jioni, wanasalimia vizuri na kufunga. Upande mmoja ni shamba la mahindi la mtu anayekaa mjini. Hakuna anayepita mlangoni kwa mwenziwe saa ya chakula. Kule Gongoni harufu ya kitunguu ilikuwa mwaliko. Kwake harufu inaishia ukutani.

Simu alipewa na binti yangu Asmahani, anayefanya kazi Mwanza, ambaye pia alimwingiza katika kundi la wapishi la mtandaoni liitwalo Meko Yetu. Mimi sikulipinga jambo lile. Niliona ni burudani isiyo na madhara kwa mtu wa makamo. Humo wamo watu wa Ujiji na Bagamoyo, wa Mombasa, wa Muskati, na wengine waliozaliwa huku wakatupwa mbali kwa ajili ya kazi au ndoa. Wanapiga picha wanachopika na vitu vinavyozunguka kupika: jiko jipya la udongo, mbuzi ya nazi ya bibi, paka aliyelala juu ya gunia la mkaa. Tunu aliwapelekea picha za uyoga wa porini ndani ya kikapu, bado una udongo, na mama mmoja wa Mombasa akataka kujua unaujuaje ulio na sumu. Aliwapelekea nsansa, yale majani ya kunde yaliyoanikwa, na akawafafanulia jinsi ya kuyaloweka mpaka yalainike kabla ya kuyaunga kwa karanga. Alikuwa akiiegemeza simu kwenye kopo la sukari wakati wa kupika, ikilia kila mara. Nilipomtembelea alinionyesha majina, akaniambia huyu ana mkwe mkorofi, huyu mguu wake umevunjika, kama mtu anayeonyesha wenzake waliokaa naye barazani.

Kundi lile lina desturi moja, na kisa chote kinatoka hapo. Kila Ijumaa wanachama huweka picha mbili za chakula cha mchana, ya kwanza kabla ya kula na ya pili baada ya kula. Ya kwanza ni ya kujivunia. Ya pili ndiyo ya ushahidi, kwa kuwa sinia lililobaki na chakula linamsema mpishi, na lililokombwa linamsifu. Katika picha za wenzake, wali ulikuwa umechimbwa pande zote, na mara nyingi vidole vya mtoto vilionekana bado vikiokota punje.

Picha za Tunu zilipendwa sana. Lilikuwapo lile sinia la shaba, wali wa mchele wa Lusu uliosimama punje kwa punje, kuku wa kienyeji katikati. Na baada ya kula yalionekana mabonde mawili katika wali, yakitazamana, na mifupa imewekwa kwa adabu mbele ya kila bonde.

Aliyeyaona kwanza ni mwanachama aitwaye Doto, wa Bagamoyo. Huyu ni Mzaramo, na sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani na kurudi. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote, na anayekasirika au kujitetea ndiye aliyeshindwa. Doto aliandika, "Mnyamwezi wewe, tangu lini ukajua kula kwa ustaarabu? Huyo wa upande wa pili ni nani? Mtoe uvunguni tumwone."

Mtu mwingine angekanusha. Tunu, kwa malezi yake, hakuweza kumkanushia mtani. Alimjibu, "Amekwenda kunawa. Wewe Mzaramo subiri hapo hapo, tukimaliza tutakurushia mifupa."

Kundi zima likacheka. Tangu siku ile kila Ijumaa walimuulizia mtu wa upande wa pili. Ameshiba? Leo amelalamika nini? Naye akajibu kwamba ameomba chumvi, au kwamba amesinzia juu ya mkeka. Ukweli ni kwamba aliufurahia mchezo ule.

Lakini mtandao hauna ukuta. Katika wanachama alikuwamo ndugu wa Sikuzani, mama mmoja wa Gongoni aliyekuwa jirani yetu, na habari ikarudi Tabora ikiwa imevaa nguo nyingine. Nilikuwa kwenye hitima, nimekaa na akina mama wa heshima zao, Sikuzani akaniinamia kwa sauti ya kutaka kusikiwa na wote.

"Mwalimu, mtatuita lini kwenye pilau? Maana tunaambiwa shemeji yenu wa Itetemia ameshaanza kula kabla ya nikahi."

Nilimjibu kwamba wali wa nyumba yetu haujawahi kumnyima mtu, hata wasioalikwa. Walicheka. Hata hivyo niliondoka pale nikiwa na joto usoni. Mzee Nasri hakuacha mali ya maana. Aliacha jina, na jina lile ndilo lililowaoza binti zake na kuwapa wajukuu wake mahali pa kukaa katika kila shughuli ya mji huu.

Haikupita muda, shemeji yangu Awadhi, mkubwa wa watoto wa Mzee Nasri, akanipigia simu. Yeye ni mtu wa msikitini na wa maneno machache. Alisema ameitisha kikao cha ukoo nyumbani kwangu Jumapili. Ikithibitika kwamba Tunu anamweka mwanamume ndani, nyumba ya Itetemia itafungwa, naye atahamia chumba cha uwani kwa Awadhi, chini ya macho ya wakeze. Na simu ataiacha. Nilimwambia nitakwenda kumuona Tunu kwanza, kwa sababu sipendi mtu ahukumiwe kwa maneno ya hitima.

Nilikwenda Ijumaa, bila kumwambia. Bajaji iliniacha getini baada ya watu kutoka kuswali. Mlango wa uwani ulikuwa wazi, na sikusikia sauti ya mtu. Nikasimama kwenye kivuli cha ukuta.

Tunu alikuwa ameketi juu ya mkeka, sinia mbele yake, anakula polepole. Alipomaliza upande wake alifuta mdomo, akainuka, akalizunguka sinia, akaketi upande wa pili. Akasema bismillahi upya. Akala tena, safari hii kidogo kidogo, kama mgeni mwenye haya, akaweka mfupa mmoja mbele yake. Kisha akainuka na kuchukua simu.

Hakulizungusha sinia. Ndani ya uwani wake mwenyewe, bila mtu wa kumuona, ilikuwa rahisi kulisukuma kwa kidole likageuka. Aliona afadhali ainuke na magoti yake mabovu. Hapo nilijua kwamba hapakuwa na mtu mwingine katika nyumba ile, wala hajawahi kuwapo.

Nilibisha hodi. Aligeuka bila kushtuka.

"Karibu, wifi. Shikamoo. Umenifuma."

"Marahaba. Nimekufuma na nani?"

"Na mimi," alisema.

Alininawisha, akanipakulia. Nilikula kidogo kwa heshima ya chakula, naye akanieleza yote bila kuzungusha. Ijumaa yake ya kwanza kundini aliweka picha ya sinia lililoliwa upande mmoja tu. Mtu akaandika, maskini, dada wa Tabora anakula peke yake, na wengine wakafuata kwa picha za nyuso zinazolia. Watu asiowajua, wa miji asiyoijua, walimwombea dua apate wenzake. Aliifuta picha ile. Ijumaa iliyofuata akahama mkeka.

Nilimwuliza kama anajua yanayosemwa mjini. Alijua. Nikamwambia basi akanushe, tena upesi, kabla ya Jumapili.

"Niwaambie nini? Kwamba huyo mwanamume ni mimi nimehamia upande wa pili?" Alicheka, halafu cheko likaisha. "Wifi, kusemwa naweza, nimezaliwa Gongoni. Kuhurumiwa siwezi. Wanaposema ninaye mtu, wananisema kama watu wengine wanavyosemwa."

Nilimkumbusha jina la baba yake. Nilimweleza habari ya Awadhi, na nyumba, na simu. Aliisogeza simu karibu na goti lake, nadhani bila kujua. Ndipo nikamwambia yaliyonijia. Nitakaa mimi upande wa pili, sasa hivi, na atapiga picha mkono wangu ukiwa ndani ya sinia. Bangili zangu zinajulikana Tabora nzima. Watu wataona ni mke wa kaka yake, na maneno yatakwisha leo leo.

Akaniuliza:

"Na Ijumaa ijayo?"

Ijumaa zangu zina mambo yake. Kuna darasa la akina mama, kuna wageni, kuna wagonjwa wa kutazamwa. Nilikuwa nayapanga moyoni nione lipi linaweza kusogezwa, na kabla sijamaliza kuyapanga alikuwa amekwisha kuinua sinia kulipeleka jikoni.

Kikao kilifanyika. Awadhi alizungumza kwa adabu lakini bila kupindisha. Mimi niliwaeleza nilichokiona, kuanzia mlangoni mpaka mfupa, na kwa kuwa wananijua si mtu wa kusema nisichokijua, hakuna aliyenibishia. Wanaume walitazama miguu yao.  Awadhi akasema ashukuriwe Mungu, basi nyumba ibaki, na simu ibaki, ila Tunu awaambie watu wake wa kundini ukweli, ili ukweli urudi mjini kwa njia ile ile uliyopitia uongo.

"Kaka," Tunu alisema, "nikiwaambia, kitakachosemwa baadaye hakitanihusu mimi."

"Sema ukweli tu. Ukweli hauna hasara."

"Haya," alisema Tunu.

Sidhani kama Awadhi alimwelewa. Mimi nilidhani nimemwelewa, lakini sikumwelewa mpaka mwisho.

Ijumaa aliweka picha. Asmahani alinitumia kutoka Mwanza, na bado ninayo. Sinia la shaba limepigwa kutoka juu. Upande mmoja wali umeliwa vizuri mpaka shaba inaonekana. Upande wa pili umesimama kama ulivyopakuliwa, na paja la kuku liko mahali pake. Chini yake ameandika kwamba mtu wa upande wa pili hayupo na hakuwahi kuwapo, kwamba yeye hula peke yake tangu alipohamia Itetemia, na kwamba alikuwa akihama mkeka ili wasijue. Hakuomba radhi wala hakulalamika.

Watu walimwandikia maneno mengi mazuri. Zile nyuso zinazolia zilirudi. Mama mmoja wa Ujiji alisema naye hula na televisheni tu. Ila Doto aliandika maneno mawili tu: "Nisamehe, dada." Tunu aliniambia hilo ndilo lililomuuma kuliko yote ya Sikuzani. Kwetu mtani hutania hata msibani, hata juu ya jeneza. Doto hajamtania tena. Akiweka picha, anasema mashaallah, kama mgeni.

Ukweli ukafika mjini, kama Awadhi alivyotaka. Sikuzani alikuja kwangu mwenyewe, akaketi, akakataa chai, akaniuliza kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Mwalimu, kumbe Tunu anakula peke yake? Na ninyi nyote mpo hapa hapa mjini?"

Kwa habari ya mwanamume nilikuwa na jibu. Kwa hili nilisema kwamba Itetemia ni mbali, na nilipojisikia nikisema hivyo nilijua kwamba bajaji huenda huko kutwa nzima. Hicho ndicho Tunu alichomwambia kaka yake. Mwanamke aliyemficha mwanamume anajiaibisha yeye. Mwanamke anayekula peke yake kwenye sinia la mama yake, na ndugu zake wanashiba umbali wa nauli ndogo, amewaaibisha waliozaliwa naye na walioolewa kwao. Neno hilo halikusemwa kwa kicheko kwenye hitima. Lilisemwa kwa huruma, na huruma haijibiki.

Awadhi aliona pia. Wakeze walipeleka vyakula. Ijumaa zilizofuata nyumba ya Itetemia ilijaa ndugu, wakalizunguka sinia, na wengine wakapiga picha zao wenyewe wakiwa wanakula ili zionekane. Tunu alipika kama alivyopika Igalula. Kisha mvua zikaanza, watu wakaenda mashambani. Mmoja akapata udhuru, wa pili akamfuata. Sisemi kwa kuwalaumu. Kila mtu ana nyumba yake.

Nimebaki mimi. Darasa la akina mama nimelihamishia Alhamisi. Bajaji inaniacha getini, Tunu ananiamkia, tunanawa, ananikaribisha upande wa pili. Hatuna mengi ya kuzungumza. Mimi ni mtu wa vitabu na yeye ni mtu wa mapishi, na tuliyekuwa tukimzungumzia wote wawili tumemzika. Simu iko kwenye kopo la sukari, inalia mara moja moja. Ananisomea nani amepona mguu.

Sinia lile lilitengenezwa kwa ajili ya watu wengi. Tunakula yeye huku na mimi kule, kila mmoja kilicho mbele yake, na hatimaye katikati hubaki wali ambao mikono yetu haifiki bila kuvuka. Ningeweza kumsogezea, naye angeweza kunisogezea. Mara nyingine tunafanya hivyo. Mara nyingi tunauacha, tunasema alhamdulillahi, na yeye anainuka kwa magoti yake, anasimama juu ya sinia na kupiga picha: mabonde mawili yanayotazamana na kilima kati yake. Anaiweka kundini. Watu wanasema mashaallah.

Hakuna aliyeuliza ni nani.